Dawa ya Meneja

Dawa ya Meneja haiguswi. Hilo lilijulikana kwa kila aliyelala chini ya paa lile, wala halikuhitaji kubandikwa ukutani.

Meneja alikuwa paka, ingawa neno hilo halikutamkwa mbele ya mama wa nyumba. Aliyelitamka aliulizwa kama yeye angependa kuitwa "wewe mtu." Tangu daktari wa mifugo alipomkuta na kisukari, baada ya majuma kadhaa ya kukonda huku akinywa maji kama rejeta ya gari inayovuja, nyumba iliendeshwa kama wodi. Maziwa yalipigwa marufuku. Biskuti zake kavu zikagawiwa majirani wenye wanyama wazima. Akawa anakula nyama ya kopo iliyopimwa kwenye mizani, saa moja asubuhi na saa moja jioni. Akishashiba, mama wa nyumba humbeba hadi jikoni, akafunga mlango, akamdunga shingoni uniti mbili za insulini. Kelele zilizosikika zilikuwa za wote wawili.

Katika shughuli hiyo mambo mengine yaliachwa yajiendee. Pazia la sebuleni halikushonwa, taa ya bafuni haikubadilishwa, dawa ya kuchua aliyoiomba baba yake haikununuliwa, na mumewe, fundi redio, alikwenda kazini na soksi za rangi mbili.

Baba yake hakunung'unika. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu aliyegeuka mwili mzima alipoitwa, kama askari kwenye gwaride, na aliyesahihisha kwa wino mwekundu maandishi ya kwenye pakiti za sabuni. Aliamini kwamba maafa mengi ya dunia hutokana na watu kutenda kabla ya kusoma. Siku moja, wakiwa mezani, alimshukuru binti yake kwa kumkumbuka. Binti, akidhani anasifiwa kwa chai, alimjibu kwamba si kitu.

Sukari ya Meneja ilikuwa imeanza kushuka vizuri, ndipo ilipogundulika kwamba dawa yake inaibwa. Chupa iliyopaswa kudumu miezi miwili ilikuwa imebaki robo baada ya majuma matatu. Mabomba ya sindano nayo yalipungua kisandukuni. Mama wa nyumba alimpigia simu daktari, akaambiwa kwamba shehena mpya haitafika kabla ya mwezi kwisha, na kwamba Meneja akikosa dawa siku mbili tatu, asitegemee kumwona akiruka tena dirishani. Kwa uniti mbili mbili, kilichobaki kingetosha kabisa. Kwa kasi ya mwizi, kingekwisha Jumapili.

Alilia jikoni, Meneja akiwa mapajani. Kisha akafuta machozi, akaanza kuwashuku watu.

Wifi yake, msusi mwenye ulimi mwepesi, alisema kwamba angekuwa mwizi wa nyumba ile angeanza na televisheni. Mume alishukiwa zaidi, kwa kuwa siku zile alionekana akinywa maji mengi. Ikafikiriwa kwamba huenda mmoja wao ana kisukari cha siri na anajitibu kwa dawa ya mwenzake. Mashine ya Meneja ya kupimia sukari ikaletwa mezani, na wote wanne wakatobolewa vidole, mwalimu akiwa wa kwanza kunyoosha mkono. Wote walikuwa wazima. Mume alitabasamu kama mtu aliyefaulu mtihani.

"Kaka, usijisifu," alisema wifi. "Mwaka jana hata Meneja alikuwa mzima."

Jambo likabaki bila mwenyewe. Ndipo mwalimu alipotangaza kwamba kesi hiyo ataisikiliza yeye, sebuleni, saa kumi na mbili jioni kamili.

Alikuja amevaa koti. Aliwageuzia shingo mmoja mmoja, polepole, kutoka kushoto hadi kulia, mpaka mkwewe akajiona mkosaji kwa kutazamwa tu. Akatoa adhabu kabla ya ushahidi, kama alivyozoea shuleni. Mwizi, awe nani, atasafisha sanduku la mchanga la Meneja asubuhi na jioni, mwezi mzima, bila kupokezana na mtu.

"Hata akiwa mkubwa, Mzee?" aliuliza wifi.

"Hasa akiwa mkubwa."

Kisha akadai kielelezo. Alisema kwamba hajapata kuiona dawa hiyo kwa macho yake, wala hajui hukaa wapi, na kwamba hakimu hahukumu juu ya kitu asichokijua. Binti yake akaenda kwenye friji, akarudi na kichupa kidogo, akakiweka mezani.

Mwalimu alikitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni hiki?"

"Ndicho, Baba. Lebo aliiandika daktari mwenyewe kwa mkono wake."

Akavaa miwani, akakisogeza kwenye mwanga, akasoma kwa sauti ya darasani:

"Paka shingoni asubuhi na jioni."

Mkono wa kulia wa mwalimu ulipanda wenyewe, ukapapasa nyuma ya ukosi wa shati.

"Nami majuma matatu naivuta kwa bomba, napaka," alisema. "Nilidhani ni kitenzi."

Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akauliza koleo la mchanga huwekwa wapi.