Kuku wa Ghorofa

Mkutubi alipofika ukurasa wa mwisho wa kitabu alichokuwa akiwasomea watoto, aliacha kusoma. Ukurasa ulikuwa umechanwa. Kilichobaki ni kipande chembamba kwenye mshono, naye akakipitishia kidole polepole.

"Hadithi inaishia hapa," akasema, kama alivyosema kila Jumamosi. "Kuku yuko juu ya paa la ghorofa, na hajui atashukaje."

Watoto wa mtaa wa Jericho wakaanza kuinuka kwenye mkeka wa maktaba. Triza, msichana wa miaka minane, hakuinuka. Kitabu hicho alikuwa amekiazima mara nne, na mara zote nne alimhurumia yule kuku.

"Mimi najua vile inaisha," akasema.

Hakujua. Lakini wote walikuwa wamegeuka kumtazama, basi akasimama.

"Kuku alishuka kwa ngazi. Akabisha mlango wa kwanza, akauliza, 'Hapa ni kwetu?' Wakamwambia hapana. Akashuka tena, akabisha wa pili. Wakamwambia..."

"Hapana," akaitikia mvulana mmoja.

Kufikia mlango wa tano, mkeka mzima ulikuwa ukiitikia, na Triza alikuwa akitembea kama kuku, mikono kiunoni.

"Chini kabisa," akasema, "mlango ulifunguliwa kabla hajabisha."

Yule mvulana akasema, "Hebu rudia."

"Kwanza aandike," mkutubi akasema. Alikuwa amerudi kutoka mezani kwake na karatasi nyeupe, kalamu na gundi. "Tutaibandika hapa kitabuni. Na chini yake, Triza, weka majina yako. Yote mawili."