Kitumbua Kisicho na Iliki

Shauri letu lilianzia baraza la mtaa, na wazee wakasema vitumbua vya mama na binti zake ni mambo ya jikoni. Mahakama ya Shirikisho haikukubali. Mchele wetu unavuka mpaka, ikasema, basi hiyo ni biashara ya Shirikisho, na nyumba moja kulisha mtaa mzima ni ukiritimba. Ikatuvunja. Mimi nikapewa nazi, dada yangu Mwanasiti akapewa iliki. Ukajengwa ukuta katikati ya jiko, na juu yake kikawekwa kidude cha Mahakama tunachokiita sikio, maana washindani hawaruhusiwi kuzungumzia mapishi pamoja.

Mama alibaki upande wangu. Tangu augue hataki uji wala mchuzi. Leo akasema, "Mwanangu, nipikie kitumbua kama vyangu."

Nikampikia. Akamega, akatafuna, akakirudisha kwenye sahani.

"Cha nani hiki?"

"Chetu, mama."

"Si chetu. Mwambie dada'ko alete iliki."

Sikio lilikwisha kuwaka taa, likasema kwa ile sauti yake ya upole kwamba Mahakama imepokea ushahidi wa mlaji: bidhaa za ndugu hawa sasa zinatofautiana, na ushindani umestawi. Likatupongeza.

Upande wa pili Mwanasiti, aliyekuwa amesikia yote, akaanza kutwanga iliki taratibu. Harufu ikaingia dirishani. Mama akafumba macho, akavuta pumzi.

Nikainuka nikafunga dirisha kabla hajaisifu kwa sauti, sikio likapata ushahidi mwingine.