Nguchiro Aliyehama Juani

Nguchiro alikuwa na watoto watatu katika shimo alilochimba kwenye mchanga wa mto uliokauka. Adhuhuri moja alisikia ngurumo kutoka milimani, mbali sana, akambeba mtoto wa kwanza kwa meno na kupanda ukingo.

Kenge, jirani yake aliyekuwa akiota jua mchangani, alimcheka aliporudi. "Mama wee! Jua lote hili unakimbia mvua?"

"Mvua ya kule maji yake hupita hapa, jirani."

"Yatakuja kwa miguu?"

"Yana njia yake, na wewe umeilalia."

Akamhamisha wa pili. Alipogeuka kumfuata wa tatu, maji mekundu yalikuja yakivingirisha magogo, na mbinguni hapakuwa na hata wingu moja. Nguchiro alijitosa, mkondo ukamtupa ukingoni. Akajitosa tena.

Ndipo Kenge akaibuka kwenye povu, mtoto kinywani, akamlaza miguuni pa mama yake.

"Ameniuma njia nzima," alisema akihema.

"Asante, jirani."

Kenge aliitazama mbingu safi, kisha milima. "Siku nyingine kukinguruma kule, niite mapema. Nitabeba wawili."