Bisibisi ya Fundi Shemdoe

Injini mbili zilifungwa kwenye vyuma uani kwa Fundi Shemdoe. Kati yake lilikaa gari refu jekundu la milango miwili, boneti wazi, ndani tupu. Tunu aliwekea gari hilo akiba miaka sita, na injini atakayoichukua leo haitarudishwa. Alilizunguka tena.

"Binti, utanichimbia mtaro," fundi alisema. "Washa hiyo kubwa."

Mji mzima ulijua fundi anavyochagua injini. Huweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, kisha hufumba macho.

Tunu aliwasha. Ua ulitetemeka. Fundi alisikiliza, akatabasamu.

"Safi! Inapumua kama mtoto aliyelala."

Lakini Tunu alisikia chuma kikigonga chuma, ko, ko, ko.

"Fundi, inagonga."

Hakugeuka.

"Fundi Shemdoe!"

Hakugeuka. Tunu alimzunguka, akasimama mbele yake. Fundi alipofumbua macho na kuuona uso wake, tabasamu lilitoweka.

"Tangu lini husikii?" Tunu aliuliza, akitamka polepole.

"Tangu masika. Usimwambie mtu, mwanangu."

Tunu alinyoosha mkono aizime injini. Fundi alimzuia. Akaufuta mpini wa mbao kwa shati, akauuma kwa meno, akainama tena, ncha ikigusa injini. Taya lake lilitetemeka. Mara akakunja uso. Kidole chake kikaanza kugonga bodi nyekundu ya gari, ko, ko, ko, sawasawa na injini.

Tunu aliiendea ile injini ndogo, akashika swichi, akangoja fundi ainue macho.