Jiko Lililogoma

"Leo ama zangu ama zako," fundi wa umeme aliliambia jiko la mama yake, la kuchoma punje za mbao, lililogoma kwa mara ya tatu mwezi huo. Alizima umeme, akafungua kifuniko cha nyuma.

Fyuzi ilikuwa nzima. Feni nayo haikuwa na neno. Akaufuata waya wa kuwashia kwa kidole mpaka mwisho.

Haukuwa umeungua wala kutafunwa na panya. Ulikuwa umechomolewa, ncha yake ikafungwa vizuri kwa uzi wa kijani, ule ule wa sweta aliyokuwa akiifuma mama kitini.

"Umeona nini, mwanangu?"

Fundi akauchomeka waya, akafunga kifuniko, akawasha umeme. Jiko likawaka.

"Bado siliamini, mama. Nitalala hapa hapa nilichunge."

"Kitanda nimeshatandika."