Kiti cha Kibwana

Kila palipokosewa, sajini mstaafu Chande alitia alama ya mkasi kwa chaki, kama mwalimu anayesahihisha daftari. Kufikia alasiri kifaru kizima cha kivita cha makumbusho kilikuwa kimejaa mikasi: rangi ya kijani kibichi mno, taa upande usio wake, minyororo imefungwa kinyume.

"Umetumaliza, afande," alisema Zaituni, fundi aliyekikarabati. "Tulikiunga kwa vyuma chakavu vya vifaru vitatu, kimoja kiliungua vitani."

Chande akaingia kupitia kifuniko cha juu, na chaki ikasita mkononi. Kiti cha dereva kilikuwa kimevutwa mbele kabisa. Aliyekiweka hivyo alikuwa Kibwana peke yake, dereva wake enzi za vita, maana hakuna aliyekuwa mfupi kama yeye kikosini.

"Nani amekisogeza?"

"Hata sijui. Kila jioni nakirudisha nyuma, asubuhi nakikuta hapo hapo."

Siku kifaru chao kiliposhika moto vitani, Chande aliruka nje wa kwanza, akakibamiza kifuniko nyuma yake, kama walivyofundishwa kambini kufanya kila wanapotoka. Mikono ilifanya kwa mazoea tu. Kibwana alikuwa bado ndani.

Zaituni akaingia, akakirudisha kiti nyuma, wakatoka, akafunga kifuniko. Walikuwa mlangoni mwa banda waliposikia chuma kikiburuzwa juu ya chuma ndani ya kifaru, taratibu.

"Umesikia?" Zaituni akanong'ona.

Chande alikuwa ameshageuka. Alirudi, akapanda, akakifungua kifuniko, akaketi pembeni yake, mkono ameuning'iniza ndani gizani, kiganja wazi.