Kipia cha Tatu

Siwema alichungulia kwenye tundu la tanuri. Kati ya vipia vitatu vya udongo vya kupimia moto, cha pili kilikuwa kimekwisha kuinama. Kikiinama cha tatu, kazi ya miezi miwili itaharibika.

"Wifi, moto umetosha. Usiongeze kuni."

Mkasi akasukuma gogo jingine ndani. "Tanuri hili ni la mama yangu. Wewe umeletwa na posa tu, leo wanipangia moto kwa vijidude vyako?"

"Vyungu vyako navyo vimo humu!"

"Na viungue!"

Siwema alirudisha jicho tunduni. Kipia cha tatu kilikuwa kimelala. Shingo ya mtungi wake ililegea, ikainama polepole, ikaegemea bega la chungu cha Mkasi, ikagandamana nacho.